AMANA YA GHALA





Sisi watu wa mwambao hatukuwahi kuamka alfajiri tukakuta maji ya mtungini yamekuwa jiwe. Hapa Kiwengwa, katika usiku wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma, wazee hujifunika shuka mbili na kulalamika baridi. Lakini kipimo cha joto kwa kawaida hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Juu ya hayo, lugha yetu ina jina la barafu, ina jina la theluji, na ina jina la jalidi. Barafu tumelipata kwa Waajemi. Theluji na jalidi tumezipata kwa Waarabu. Na jalidi ndiyo ile baridi inayoshuka usiku ikagandisha maji juu ya majani na ndani ya mimea. Sisi tumerithi jina bila ya kurithi maafa yake, na mtu aliyesalimika na maafa huwa mwepesi wa kudhani kwamba maafa hayapo.

Yapo, tena si mbali. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pande za Njombe, Makete na Kitulo, mwezi wa Juni na Julai, wakati sisi tunapofurahia kipupwe, jalidi huja usiku ikaunguza mashamba ya mbatata yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Na katika nchi za kaskazini, kama Kanada na Urusi, baridi haishii shambani. Humfuata mkulima mpaka ndani ya ghala yake. Mtu amekwisha lima, amekwisha vuna, amekwisha shukuru, na bado usiku mmoja tu unatosha kumwondolea kazi ya mwaka.

Sababu yake ni hii. Mbatata ni maji zaidi kuliko kitu kingine chochote, na maji hayo yamewekwa ndani ya vyumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na vyumba vile hupasuka. Maadamu baridi ipo, mbatata huwa ngumu na hujui kama imekufa. Ikija kupata joto, ndipo inapolegea, ikatoa maji, ikanuka, na maji yake yakazioza jirani zake zilizokuwa nzima. Mbatata huanza kuganda chini kidogo tu ya nyuzi sifuri. Kwa hivyo mwenye ghala huko hutaka ghala yake ikae kwenye nyuzi 4 hivi: si joto likazichipusha, wala si baridi ikazigandisha.

Wazee wao kabla ya umeme walikuwa na hila zao, na ni hila za watu wenye akili. Walichimba ghala chini ya ardhi, kwani udongo wa ndani haubadiliki haraka kama hewa. Walirundika mazao juu ya majani makavu, wakayafunika kwa majani mengine, kisha kwa udongo, wakaacha tundu la kupumulia. Na katika usiku wa baridi kali walitia ghalani mapipa yaliyojaa maji. Utashangaa: maji ya nini tena? Ni kwamba maji yanapoganda hutoa joto lililokuwa ndani yake, na joto hilo, ingawa ni dogo, huweza kuiokoa mbatata iliyo karibu. Maji hutangulia kuganda ili chakula kisigande. Subhanallah! Nao watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, waliigeuza baridi ikawa mtumishi wao: huzianika mbatata usiku zikaganda, asubuhi huzikanyaga kwa miguu zikatoka maji, kisha huzikausha juani, zikawa chakula cha kuwekwa kwa miaka.

Khabari hizi sikuzitafuta kwa udadisi tu. Zilinijia kwa njia ya suala la dini.

Mwanafunzi wangu mmoja, niliyemsomesha Juzuu Amma angali na miaka saba, leo yuko Kanada. Majira fulani ya baridi alipata kazi ya kulinda ghala ya mbatata katika shamba la mtu. Ghala ilikuwa na mashine za kuleta joto na milango ya kupitishia hewa, na sharti ya kazi ilikuwa ni kuamka mara tatu kila usiku, kutazama vipimo na milango. Usiku mmoja aliamka mara mbili. Mara ya tatu usingizi ulimchukua. Mlango mmoja wa hewa ukakwama wazi, na kulipopambazuka safu nzima iliyokuwa karibu nao imeganda. Mwenye shamba alidhani ni upepo na ubovu wa mlango, wala hakumlaumu mtu. Lakini yeye moyo wake haukutulia. Akaniandikia: “Maalim, shikamoo. Tajiri hakuniuliza kitu. Je, mimi nina deni?”

Ndugu msomaji, lilikuwa jambo rahisi kumjibu kwa yale anayopenda kuyasikia. Yuko ugenini, ana watoto, mwenye mali ni tajiri, na mlango kweli ulikuwa mbovu. Lakini ilimu haikuwekwa kwa ajili ya kuwastarehesha marafiki. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kwamba mwenye kuwekewa kitu ni amini: kikipotea au kikiharibika bila ya yeye kuzembea, halipi. Ama akizembea, hulipa. Na wakaeleza uzembe ni nini kwa mifano ya maisha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika kitabu chake cha Minhaj kwamba aliyewekewa nguo za sufi yampasa azitoe zipate upepo ili nondo wasizile. Tazama mazingatio haya! Haitoshi kukifungia kitu kabatini ukasema: “Mimi sikukigusa.” Kila kitu kina adui wake, na anayekubali kukilinda amekubali kumjua adui huyo na kumzuia. Adui wa sufi ni nondo, adui wa mtama ni fukusi, na adui wa mbatata katika nchi ile ni jalidi.

Nilimwandikia hivi: “Mwanangu, kulala si dhambi, kwani aliyelala haandikiwi. Lakini dhambi na deni ni vitu viwili. Mtoto mdogo akivunja chungu cha jirani hana dhambi, na chungu hulipwa. Wewe uliajiriwa kwa kuamka, na kuamka ndiko kulikokosekana. Nenda kwa mwenye mali, mweleze kama ilivyokuwa, na umwachie yeye akusamehe au akudai. Msamaha wa mtu asiyejua anasamehe nini, si msamaha.”

Alikwenda, akasema. Mwenye shamba alimkata sehemu ya mshahara wake kwa miezi miwili, na hakumwondoa kazini. Baada ya hapo kila kijana mgeni aliyekuja kulinda, alimweka chini ya huyu wetu afundishwe. Siyasemi haya ili udhani kwamba kila anayesema kweli hupata cheo. Angaliweza kufukuzwa, na jawabu yangu ingalikuwa ile ile.

Sasa turudi kwetu, kwani hatukupewa mifano ya wenzetu ili tuitazame kama picha ukutani.

Adui wa ghala zetu ni maji na joto. Ardhi ya Kiwengwa ni ya uwanda, mawe ya matumbawe yenye udongo katika vishimo vishimo, na tangu zamani watu hapa wamelima muhogo, kunde, mtama na mbaazi katika vishimo hivyo. Masika yakiingia, mwezi wa Machi hadi Mei, hewa yenyewe huwa imelowa. Chumvi ya jikoni huyeyuka ndani ya kopo, na kanzu iliyotundikwa hufanya koga. Gunia lililowekwa juu ya sakafu au likaegemezwa ukuta hunyonya maji, khasa nyumba ikiwa imejengwa kwa mchanga wa pwani. Halafu huja fukusi. Tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amekuja adui mwingine aliyeletwa Afrika kutoka Amerika ya Kati, akaanzia Tabora, naye ni dumuzi, ambaye wakulima wa bara walimpa jina la Scania, kama lori. Huyu hali mahindi tu, hula hata makopa ya muhogo, akayageuza unga ndani ya gunia.

Bibi zetu waliyajua haya yote bila ya kipimo. Walikuwa na uchaga juu ya mafiga, na moshi wa kila siku ulikausha mashuke na kuwafukuza wadudu. Kunde walizichanganya na jivu, wakazitia mtungini, wakafunga mdomo wake kwa udongo. Muhogo hawakuung'oa ila kwa kadiri ya chungu cha siku hiyo, kwani muhogo ukishang'olewa huharibika kwa siku mbili tatu, na ghala yake iliyo bora ni udongo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kilipokuwa adimu Unguja na mchele ukawa wa foleni, mimi nilikuwa mtoto wa chuoni. Nakumbuka ni nyumba gani zilizokuwa na moshi wa jikoni jioni. Zilikuwa ni zile zilizokuwa na uchaga. Hazikuwa nyumba za matajiri.

Na hilo la kuacha nafaka katika mashuke yake si la bibi zetu peke yao. Kila mtoto wa chuo anajua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, akawaagiza walime miaka saba, na walichovuna wakiache katika mashuke yake, isipokuwa kichache cha kula. Wengi wetu husoma aya hiyo tukaharakia kisa cha ndugu zake. Simama hapo kidogo. Nabii wa Mwenyezi Mungu anafundisha namna ya kuweka nafaka! Maganda yaliyoizunguka punje huikinga na unyevu na wadudu. Ukishaipura umeivua nguo.

Sheria nayo imeitazama ghala kwa jicho hilo. Katika madhehebu yetu, zaka ya mazao huwajibika katika kile kinachokuwa chakula cha watu na kinachowekeka: mtama, mchele, mahindi, kunde na mfano wake. Nayo hutolewa baada ya nafaka kukauka na kusafishwa, ikifika wasaki tano, ambazo wengi wamezikadiria kiasi cha kilo 650. Sehemu ya kumi ikiwa imenyeshewa na mvua, na nusu yake ikiwa imemwagiliwa kwa gharama. Kwa hivyo anayeiacha nafaka yake ioze hakujidhulumu nafsi yake peke yake. Huenda ameozesha na haki ya maskini iliyokuwa ndani yake.

Wako wanaosema kwamba kuweka akiba ni upungufu wa kutegemea kwa Mungu. Hawa wamekosea, kwani imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Lililokatazwa ni kuficha chakula cha watu ili bei ipande. Baina ya akiba na uhodhi ipo tofauti: akiba huhifadhiwa ili iliwe, na uhodhi hufungiwa ili watu wasile.

Msomaji wa leo atasema: “Sheikh, hayo ni ya uchaga, sisi tuna friza.” Vyema, lakini friza ni ghala kama ghala nyingine, na ina amana yake. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila ya umeme wa kutoka bara, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa miezi mitatu, njia ya umeme wa chini ya bahari ilipoharibika. Wakati huo nilikuwa nikiwajua watu wawili waliokuwa wakiwawekea kina mama pweza na samaki katika mafriza yao kwa ujira mdogo. Wa kwanza, usiku ule ule alipita nyumba kwa nyumba, akasema: “Mama, umeme umekatika na sijui utarudi lini; mali yako hii.” Kina mama wakachukua, wakatia chumvi, wakaanika, wakapata ng'onda na pweza mkavu. Wa pili alinyamaza, akitarajia kwamba umeme utarudi na ujira usimpotee. Siku ya tatu harufu ndiyo iliyowaita wenye mali. Umeme haukukatwa na yeyote kati yao, na katika hilo wote wawili ni sawa. Walitofautiana katika ile saa moja ya mwanzo. Mwaka 2013 ulikuja waya mpya wa megawati 100, na shukurani ni kwa Mungu; lakini saa ile ya mwanzo bado iko mikononi mwetu.

Limebaki jambo moja lililo zito kuliko yote. Chakula kilichofanya kuvu si khasara ya mali tu. Baadhi ya kuvu za mahindi na njugu hutoa sumu, inayoitwa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba kama huo ulitokea kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hawa walikuwa ni watu katika nyumba zao, wakila ugali wao.

Basi umche Mwenyezi Mungu, ewe mwenye duka, unayeyachanganya mahindi yaliyolowa na makavu ili mzani upande. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mwenye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Yule mtu akasema ilinyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha ile iliyolowa chini ya ile kavu. Na wewe mwenye nyumba, ukiona nafaka imekuwa na rangi ya kijani au nyeusi na inanuka koga, usimpe maskini ukaiita sadaka, wala usiwamwagie kuku. Ifukie. Kumpa fakiri kile ambacho wewe mwenyewe ungekipokea kwa kufumba macho, tumekatazwa katika Kitabu.

Nami nakuusia mambo machache ya kutenda, kwani mawaidha yasiyo na kazi ni kelele.

Kwanza, kausha. Anika juu ya jamvi au turubali, usianike juu ya mchanga, na uanue kabla ya umande wa jioni. Ukitaka kujua kama imekauka, tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ina maji, irudishe juani.

Pili, inua. Weka magunia juu ya vibao, mbali na ukuta kwa kadiri ya mkono kupita.

Tatu, ziba. Nafaka iliyokauka ijaze katika dumu mpaka juu, ufunge kifuniko kisipite hewa, au tumia ile mifuko ya tabaka tatu inayouzwa siku hizi. Wadudu waliomo watamaliza hewa na kufa bila ya dawa. Lakini usizibe iliyolowa, utakuwa umeipikia kuvu.

Nne, ijue baridi yako. Ndizi na viazi vitamu usivitie katika friji, kwani hivi huumia hata chini ya nyuzi 12 hivi, vikawa vyeusi na vibaya. Ni vitu vya nchi ya joto kama sisi. Ama kunde na choroko kavu, ukizitia katika friza kwa muda wa wiki moja, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, fukusi na mayai yake hufa. Ukizitoa, uache mfuko umefungwa mpaka ubaridi uishe, zisipate jasho. Ile ile baridi iliyoua mbatata za Kanada itakuokolea kunde zako.

Tano, tazama. Hili ndilo alilolikosa yule kijana kwa usiku mmoja. Fungua, nusa, tia mkono ndani, kila wiki. Ghala isiyotazamwa si ghala, ni kaburi.

Na iliyo bora zaidi, ewe msomaji, ni kwamba usiyatende haya kwa ajili ya chungu chako peke yako. Katika kila mtaa yupo mjane au mzee asiyeweza kuinua gunia kulitia juu ya kibao. Kabla ya masika kuingia, mtume kijana wako akamwinulie. Ni kazi ya robo saa, nayo yaweza kumlisha mtu miezi mitatu.

Mwenyezi Mungu azibariki ghala zetu, atujaalie waaminifu kwa kile tulichowekewa, na atukinge na kula haramu na kulisha madhara. Amin.

Wabillahi tawfiq.